Mama Kalcha, Mwotesha Vijidudu

Miaka ile nilipoanza kazi Kitale, mtu aliyepotea akiitafuta maabara ya hospitali yetu aliambiwa afuate kondoo. Nyuma ya jengo letu, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia mashuka ya wodi, alikuwepo kondoo dume mnene, amefungwa kamba ndefu, akitafuna nyasi na maganda ya ndizi aliyorushiwa na wapishi. Wagonjwa walidhani ni wa mlinzi, ananenepeshwa kwa ajili ya Krismasi. Kumbe alikuwa mfanyakazi kama sisi. Damu yake ndiyo tuliyochanganya kwenye agari, ule ute unaoganda kama uji uliopoa, ili vijidudu vilivyodeka, visivyokula chakula cha kawaida, vipate cha kuviotesha. Na mwenye kondoo huyo alikuwa mama mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Kalcha.

Kalcha ndiyo kazi yenyewe. Unachukua damu ya mgonjwa, au mkojo, au usaha, au maji ya uti wa mgongo, unapanda tone dogo kwenye sahani yenye chakula, unaiweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu, na kesho yake unaangalia kumeota nini. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa meza hiyo tangu kabla sijamaliza shule ya msingi. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye beji, lakini beji aliivaa imegeukia kifuani, na sidhani kuna mtu aliyewahi kuigeuza asome.

Mimi nilikuwa nimetoka Kabuchai, chuo nimemaliza juzi, koti langu jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti.

"Kwenu mnalima?"

"Tunalima, Mama. Mahindi na miwa."

"Wewe mwenyewe umepanda mahindi kwa mkono?"

"Ndiyo."

"Mnaweka mbegu ngapi kwa shimo?"

"Mbili."

"Basi hapa ni moja," akasema. "Siku utajua kuweka moja, utakuwa umejua hii kazi yote."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuchora sahani, lakini sikuwa nimemwona mtu akiichora kama yeye. Aliuchoma waya wenye kitanzi kwenye moto hadi ukawa mwekundu, akaupoza, akagusa usaha, akapiga mistari michache pembeni mwa sahani. Akauchoma tena. Akaigeuza sahani kidogo, akavuta mistari mingine kutoka ile ya kwanza, chembe chache tu zikifuata. Akauchoma tena, akageuza, akavuta. Mkono wake ulikuwa mzito ukiutazama, vidole vifupi vya mtu aliyeshika jembe utotoni, lakini ute haukuwahi kuchanika. Kesho yake, pale mwanzo vijidudu vilikuwa vimeota vimebanana kama miche ya sukuma wiki ambayo haijapunguzwa. Pale mwisho kulikuwa na vidoa vichache, kila kimoja kimesimama peke yake, duara safi. Kidoa kama hicho kimezaliwa na kijidudu kimoja. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta.

"Usimtaje mtu jina ukiwa umemwona kwa umati," aliniambia. "Mtoe kando kwanza. Mwangalie akiwa peke yake."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, yote ya shambani. Kijidudu kilichoingia kutoka kwenye hewa au kwenye ngozi ya mtu, kisichohusika na ugonjwa, alikiita gugu. Sahani iliyochafuka ilikuwa shamba la mvivu. Familia yake ilikuwa imefika Trans-Nzoia kutoka upande wa kati wa nchi zamani sana, na yeye alikuwa bado na ekari chache nje ya mji, mahindi na maharagwe. Nyakati za kupanda alikuja kazini na udongo kwenye kucha, akasimama kwenye sinki akizisugua kwa brashi hadi zikawa nyekundu.

Kuosha mikono kwake kulikuwa ibada. Aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani huku povu likipanda hadi kwenye viwiko, na ole wako utoke kwenye sinki kabla ubeti haujaisha.

"Rudi. Hata Yesu hajafika msalabani na wewe umeshafunga maji."

Lakini mama huyohuyo, ikifika saa nne, alivuka barabara akaenda kwenye kibanda cha mabati kula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye sahani ambazo siku nzima zilisuuzwa katika karai moja la maji ya rangi ya chai. Alikula kwa raha, akisimuliana na madereva wa trekta. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mama, ukiyapanda yale maji ya karai, si utapata msitu?"

"Sijayapanda, na sitayapanda," alisema huku akijipangusa midomo. "Kuna vitu ukivijua huwezi kula tena. Na mimi nasikia njaa."

Damu ya kondoo tuliichukua asubuhi, kabla foleni ya wagonjwa haijaanza. Mlinzi alimkalia kama anayepanda farasi, mimi nikashika kichwa, naye Mama Kalcha akatafuta mshipa wa shingo kwa kidole gumba. Alimnong'oneza kwa Kikikuyu, kwa sauti laini ambayo sisi wanadamu hatukuwahi kuisikia kutoka kwake. Damu iliingia kwenye chupa yenye shanga za kioo, na kazi yangu ilikuwa kuizungusha ili mabonge yajishike kwenye shanga na damu ibaki majimaji.

"Usitingishe kama soda, bana! Zungusha. Zungusha pole kama unabembeleza."

Kondoo aliitwa Profesa. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Si anakula tu siku nzima na anaheshimiwa." Baada ya kutolewa damu, Profesa alipewa chumvi kwenye kiganja cha mkono, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumpigia kelele.

Mji mzima wakati ule ulikuwa na taifodi. Mtu akiumwa kichwa, taifodi. Akichoka baada ya kuvuna, taifodi. Kila kijikliniki kilichopakwa rangi ya kijani kilikuwa na kipimo chake cha tone moja juu ya kioo, na jibu lilitoka kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye benchi. Mama Kalcha aliiita taifodi ya karatasi. Yeye alitaka damu ipandwe, ingoje, iote. Watu walimchukia kwa hilo. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliyekuja kuchukua jibu lake, kofia mkononi, akaambiwa hakuna kilichoota.

"Ati nimengoja hizi siku zote mniambie hakuna kitu?"

"Baba, hakuna kitu ni jibu."

"Kule kwingine wameandika plasi nyingi za taifodi!"

"Basi kule ndiko kuna taifodi. Kwa damu yako hakuna. Nenda umwone daktari akutafute mahali pengine unapoumia, usimeze dawa ya mtu mwingine."

Alitoka akitukana. Baada ya wiki chache alirudi amebeba kuku. Ilikuwa figo. Mama Kalcha alimpokea kuku, akamshukuru, kisha akamwuliza kama kuku amechanjwa.

Kulikuwa na mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chochote cha usalama. Umeme ulikuwa unapotea mara kwa mara, na jenereta ya hospitali ilikuwa ya chumba cha upasuaji tu. Kabati letu la joto likianza kupoa, mbegu zilizokuwa zinaota zinalala, na mgonjwa wa wodini anazidi kungoja. Mchana mmoja wa mvua, giza limeingia hadi ndani, nilimwona Mama Kalcha anatembea ajabu, mikono imekumbatia tumbo kama mjamzito. Nikadhani anaumwa.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Endelea na kazi."

Baadaye alipoinama, leso ikalegea chini ya koti, na nikaona chupa. Alikuwa amezifunga tumboni chupa za damu za watoto wa wodi, zimezibwa vizuri, zimezungushiwa pamba na leso, azipe joto lake mwenyewe. Nilifungua mdomo. Aliniangalia, nikaufunga. Umeme uliporudi alizitoa moja moja, akazirudisha kwenye kabati, akaenda kwenye sinki akaimba beti zote za wimbo wake.

Mwanafunzi angefanya jambo kama hilo, angemfukuza. Najua, kwa sababu alimfukuza mmoja kwa kosa la kutia kalamu mdomoni. Alikuwa hivyo. Sheria alizishika kwa nguvu akitusimamia sisi, na yeye mwenyewe alizivunja pale alipoona mtoto wa mtu amesimama upande wa pili wa sheria.

Wala hakuwa mtu asiyekosea. Nataka kulisema hili kwa sababu waliomsifu baadaye walimfanya kama malaika, naye angechukia. Wakati mmoja ililetwa damu ya mtoto mchanga aliyekuwa na homa na hanyonyi. Ilipopandwa ikaota vidoa vyeupe vya kawaida, vile vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu. Mama Kalcha akavitazama akasema ni gugu, aliyetoa damu hakusafisha ngozi vizuri, na akaandika jibu hivyo. Daktari wa watoto, kijana mpole aliyevaa viatu vya mpira, alisoma jibu lakini hakukubali. Aliendelea kumpa mtoto dawa, akaleta damu nyingine, ameitoa mwenyewe, ameisafisha ngozi mwenyewe.

Ikaota vilevile.

Tulisimama mbele ya sahani mbili, mimi na Mama Kalcha. Alizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua vidoa kutoka kila moja, akavipima tena kwa dawa zote tulizokuwa nazo. Vilikuwa kitu kimoja, na gugu lilelile haliingii mara mbili. Alivua koti, akavaa sweta yake, akapanda ngazi hadi wodini nami nikimfuata nyuma. Daktari alikuwa katikati ya wauguzi.

"Daktari," alisema, "nilikuandikia ni gugu. Si gugu. Ni ugonjwa, na dawa unayompa ndiyo yenyewe. Ulinikaidi. Asante kwa kunikaidi."

Mama Kalcha akaenda hadi kitandani, akamtazama yule mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kunyonya tena, akamwambia mama yake, "Ana mdomo wenye nguvu huyu," akarudi chini. Siku hiyo hakuvuka barabara kwenda kula githeri.

Nilijifunza kwake mambo mengi ambayo sikujua nayajifunza. Kunusa sahani bila kuinamia, kwa sababu vingine vina harufu ya zabibu, vingine ya udongo wa mvua. Kumwambia mgonjwa jibu kwa lugha ya nyumbani kwake. Kunyamaza. Mchana ulipokuwa mtulivu tulikaa kwenye madirisha ya nyuma, Profesa akicheua, moshi wa jiko la hospitali ukipita, naye akimenya machungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Hadi leo nikinusa ganda la chungwa naona sahani zimepangwa mezani, zimefunikwa, zinangoja kesho.

Kisha uchaguzi ukaja mwisho wa mwaka, na nchi ikachafuka, majirani wa lugha tofauti wakageukiana.

Nyumba ya Mama Kalcha ilichomwa. Yeye na mzee wake walitoka na nguo walizovaa, wakalala kwenye uwanja wa kanisa pamoja na majirani wa lugha yao. Mimi nilikuwa nimebaki mjini kwa sababu barabara ya Bungoma ilikuwa imefungwa. Nilipofika kazini nilimkuta amevaa malapa ya kuazima na koti jeupe, lililookoka kwa sababu hulilaza hospitali. Nilisimama mlangoni. Jina langu ni Nafula. Mtu yeyote akilisikia anajua natoka kwa watu gani, na kwamba si watu wake, na wakati ule majina yalikuwa yamekuwa mazito, mtu analibeba lake kama mzigo wa kichwani. Sikujua kama anataka kuniona.

"Mama, pole," nikasema.

"Nafula, funga mlango. Upepo unaleta magugu."

Nikafunga. Tukafanya kazi.

Katika korido watu walikuwa wameanza kusimama kwa vikundi, kila kikundi na lugha yake, na ukipita wananyamaza. Ndani ya maabara aliweka amri moja: Kiswahili tu. "Hata kama ni kibovu," alisema. "Mimi changu ni kibovu kuliko chenu wote." Na kwa kuwa watu waliokimbilia kanisani walikuwa wengi na maji yao yalitoka mahali pamoja, alikwenda kuyachota kila siku kabla ya kulala palepale miongoni mwao, na kesho yake akayapanda maabara, akayachunguza. Nilimwambia mara moja kwamba ni ajabu, sisi tunatenga vijidudu huku watu wanatengana nje.

"Usiniletee mahubiri," alisema bila kuinua macho. "Leta kiberiti."

Sikumwona akilia kwa ajili ya nyumba. Alizungumza juu yake kama mtu anavyozungumza juu ya mvua iliyopita. Lakini asubuhi moja tulikuta kamba ya Profesa imekatwa kwa kisu, na nyasi zimekanyagwa hadi kwenye ua. Mama Kalcha aliishika ile kamba, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa koti, akalia kwa sauti kama msichana. Wauguzi walijitokeza madirishani. Hakuna aliyejua amwambie nini, maana ni nani anayejua maneno ya pole ya kondoo wakati watu wamepoteza watu? Mlinzi alisimama kando yake amevua kofia. Nilikaa chini kwenye nyasi nikaegemeza bega langu kwenye goti lake, na hivyo ndivyo tulivyokaa hadi alipomaliza.

Mwaka uliofuata alistaafu, kabla kidogo ya wakati wake, akaenda kukaa kwa binti yake Nakuru. Mimi nikahamishiwa Bungoma. Nilipanga chumba Kanduyi, nikapata meza yangu mwenyewe ya kalcha, nikaanza kuwaambia vijana wapya maneno ya mbegu na magugu, nao wakacheka kama tulivyocheka mimi na wenzangu. Mama Kalcha alinipigia simu kila sikukuu. Aliuliza habari za mama yangu, za mvua, za umeme. Habari za Kitale hakuuliza.

Kisha siku moja akapiga katikati ya wiki.

"Nafula, nimerudi."

"Wapi, Mama?"

"Shambani. Wapi kwingine? Mzee amesema akifia Nakuru nitamsafirisha kwa gharama. Njoo Jumamosi. Beba chupa mbili safi, zile za maji, na lile boksi la barafu."

Nilikwenda. Nyumba mpya ilikuwa ndogo kuliko ile ya zamani, ya udongo, lakini mahindi yalikuwa yamepita kiuno na maharagwe yametambaa chini yake. Alikuwa amepungua. Nywele zilikuwa nyeupe zote, na alinitazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kutabasamu, nikaelewa kwamba macho yake yanaenda. Alinipa viazi na chai, akaniuliza maswali ya kazi. Baadaye akaonyesha kwa mkono upande wa pili wa ua wa miti.

"Kule ni kwa Mama Simiyu. Tulikuwa tunalima pamoja, mimi na yeye, tangu watoto wakiwa wadogo. Mtoto wangu wa mwisho amezaliwa mikononi mwake. Tangu nirudi hatujasalimiana. Akiniona barabarani anakata kona."

"Kwa nini?"

Akasema, "Ana wajukuu watatu pale. Nawasikia asubuhi wakikimbilia chooni nyuma ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, na yule mdogo anaendelea kukonda. Wamechimba choo kipya pale juu, na kisima kiko chini. Mimi siwezi kwenda kuomba maji. Wewe ni mgeni."

Nilikwenda na chupa zangu. Msichana mdogo aliyekuwa kisimani alinichotea bila kuuliza lolote, na nikarudi kupitia barabarani kama mtu anayeelekea stendi. Jioni hiyo maji yalikuwa mezani kwangu Bungoma, nimeshayapanda. Siku ya pili sahani ilikuwa nyekundu, imejaa vidoa. Nilivitoa kando, nikavipanda upya, nikangoja, nikavipima kimoja kimoja. Kisha nikapiga simu.

"Mama, yameota."

"Nini?"

"Vijidudu vya kinyesi. Vingi sana."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama. Nimepima mara mbili."

Niliwasikia kuku wake kwenye simu.

"Njoo tena Jumamosi," alisema. "Sitaki kwenda peke yangu."

Kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuniambia kwamba hataki kufanya kitu peke yake.

Jumamosi hiyo alivaa gauni la kanisani na akanishika mkono tukipita kwenye matope. Mama Simiyu alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kitambaa kichwani. Alipotuona langoni ungo ukasimama mikononi mwake. Hakusema karibu. Macho yake yalituacha yakaenda kwenye paa la banda la ng'ombe, yakarudi haraka. Nami nikatazama. Banda lilikuwa la miti mikuukuu, lakini paa lilikuwa la mabati mazuri yaliyopakwa rangi ya bluu.

"Kama ni yale mabati yako ya jikoni," Mama Simiyu alisema, "nitamwambia Simiyu ayatoe. Ata leo. Mimi sikumtuma. Aliyaleta tu, ile siku ya moto."

Mkono wa Mama Kalcha ulikuwa bado umeshika wangu. Ulikuwa umebana sana.

"Sijakuja kwa mabati," alisema. "Nimekuja kwa kisima. Kisima chako kimeingiliwa na choo. Huyu ni msichana wangu, amepima. Hao watoto wanakunywa uchafu, Mama Simiyu. Chemsha maji. Kila maji, hata ya kuosha kikombe. Na hicho choo mkifukie, mchimbe kule mteremkoni chini ya kisima, mbali."

"Nani alikuambia upime maji yangu?"

"Hakuna mtu. Nimesikia watoto wakikimbia."

Mama Simiyu aliweka ungo chini. Maharagwe mengine yalimwagika naye hakuyaangalia. Mtoto mdogo, yule aliyekonda, alitoka mlangoni akaja kushika sketi yake, akatukodolea macho. Mama Simiyu akampakata, akamlaza begani, akatugeuzia mgongo, mabega yakitikisika. Nilitaka kuondoka. Mama Kalcha hakusogea hata hatua.

Hatimaye mwanamke yule alikuja hadi langoni, mtoto bado begani, akalivuta lango la miti lililokuwa limekwama kwenye udongo. Ilibidi alivute mara mbili.

"Kalibu," alisema, kama wanavyosema shangazi zangu kule Kabuchai. "Kalibuni. Nilikuwa nimeweka chai."

Tuliketi kwenye viti vya mbao jikoni mwake. Sufuria ilikuwa juu ya moto, kifuniko kinacheza. Alipoanza kumimina, mkono wake ukasita juu ya kikombe, akamtazama Mama Kalcha, kwa sababu ilikuwa imemjia ni maji ya wapi.

"Yamechemka?" Mama Kalcha akauliza.

"Yamechemka sana."

"Basi lete."

Akakipokea kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa hadi katikati. Kisha akakirudisha.

"Haina sukari," alisema. "Umesahau mimi hunywa na sukari?"

"Sijasahau," alisema Mama Simiyu, na akainuka kwenda kuitafuta.